Beaverton, Mji Uliomwamini Fundi

Treni ya MAX inayotoka katikati ya jiji la Portland, jimbo la Oregon, kwenda magharibi, haikawii kuzama ndani ya kilima. Huko chini ndiko iliko stesheni ya Washington Park, mita 79 kutoka juu ya ardhi, yenye kina kuliko stesheni yoyote ya treni za mjini katika Amerika Kaskazini. Walipotoboa njia hii walitunza mawe yaliyochimbuliwa na keekee, wakayapanga ukutani kwa mfuatano wa umri wake, ili abiria anayesubiri treni asome historia ya kilima anachopita ndani yake. Nimeanza na ukuta huo kwa sababu unakueleza mapema tabia ya watu wa upande huu wa Marekani: wakifungua kitu, hupenda kukuonyesha kilichomo.

Treni ikichomoza upande wa pili, unakutana na misonobari mirefu iliyolowa, manyunyu yasiyomkera mtu yeyote, na bonde la mto Tualatin lililojaa nyumba za kawaida na maduka ya kawaida. Hapo ndipo Beaverton. Msomaji wa Afrika Mashariki huenda analijua jina hili kwa sababu ya viatu, maana makao makuu ya Nike yako hapa. Oregon yenyewe anaijua kwa ajili ya uwanja wa Eugene, ambako Mei 2024 Beatrice Chebet wa Kenya alikuwa mwanamke wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 29. Mimi nilivuka bahari kwa ajili ya kitu kingine kilichozaliwa hapa na kikasambaa duniani kuliko viatu: osiloskopu ya Tektronix.

Kwa asiyekutana nayo, nieleze kidogo. Testa ya kawaida, ile ambayo fundi huibeba mfukoni, hukupa jibu moja: volti 12, au hakuna kitu. Haikuambii kama hizo volti 12 zimetulia au zinatetemeka mara elfu kumi kwa sekunde. Osiloskopu huchora. Ndani ya valvu ndefu ya kioo, elektroni hurushwa kwa mkondo mwembamba hadi zigonge unga unaong'aa kwenye uso wa mbele. Jozi moja ya mabamba huuvuta mkondo huo kutoka kushoto kwenda kulia kwa mwendo uliopimwa, na jozi nyingine huupandisha na kuushusha kadiri umeme unaochunguzwa unavyopanda na kushuka. Unachokiona ni mstari wa kijani au wa samawati, na mstari huo ni umeme wenyewe ukiwa kazini. Fundi aliyezoea kukisia, siku anayoona ishara ya redio ikipita mbele ya macho yake, harudi tena kuwa yule wa jana.

Nilijifunzia kwenye Tektronix 465 katika maabara ya chuo. Ni mashine ya mwaka 1972, yenye uwezo wa megahezi 100, ambayo ilikuwa na umri sawa na walimu wangu na bado ilikuwa ikisema kweli. Tangu hapo nimekuwa nikikusanya vipimo vya zamani, nikivifungua na kuvifufua mezani nyumbani. Kila nilipofungua kimoja nilijiuliza swali lile lile: ni watu gani hawa waliotengeneza kitu kwa kumfikiria mtu atakayekuja kukifungua miaka 50 baadaye? Sikutaka kuendelea kukisia. Nilitaka kuwaona walipoishi.

Stesheni inayokufaa ni Millikan Way, na jina lake tu ni dalili kwamba umefika kwa watu wa fizikia. Kutoka hapo unatembea hadi eneo la viwanda la Tektronix, lenye miti, madimbwi na majengo mapana yasiyo na mbwembwe. Barabara za ndani zimepewa majina ya wataalamu. Iko ya Terman, na ile ninayoipenda zaidi ni ya Karl Braun, Mjerumani ambaye mwaka 1897 alitengeneza valvu ya kwanza ya aina hii ya kuchora umeme. Barabara nyingi duniani zina majina ya majemadari. Hapa mtu aliyechora mstari wa kwanza wa nuru kwenye kioo amepewa barabara inayopitwa na malori ya mizigo na wafanyakazi wenye baiskeli, nami nikaona ni heshima inayomstahili.

Kwenye barabara hiyo hiyo kuna jumba dogo la makumbusho liitwalo vintageTEK, linaloendeshwa na watu wanaojitolea, wengi wao wastaafu wa kampuni. Usitegemee marumaru wala walinzi. Ni vyumba vilivyojaa rafu, na rafuni kuna mashine, na nyingi kati ya mashine hizo zinawaka. Hilo ndilo linalolitofautisha na majumba mengi ya makumbusho niliyoyaona, ambako kifaa kikishawekwa kibao cha maelezo kimekufa rasmi. Mzee aliyenipokea hakuniuliza ninatoka wapi. Aliuliza nina mashine gani nyumbani. Nilipomtajia namba, akanipeleka moja kwa moja kwenye mashine dada yake iliyo rafuni, akaiwasha, na maongezi yakaanza.

Niliomba kuwashiwa 545. Hii ni osiloskopu ya miaka ya 1950, ya megahezi 30, yenye uzito wa karibu kilo 30 na valvu nyingi kiasi kwamba feni ya nyuma hupuliza hewa ya moto kama mlango wa tanuri ya mkate. Ukiiwasha, haikupi kitu mara moja. Feni inaanza kuvuma, nyuzi za valvu zinageuka rangi ya chungwa, na kwa karibu nusu dakika hakuna kingine. Kisha rilei inalia "ta!", umeme mkubwa unaingia, na mstari unajitokeza taratibu kwenye kioo. Kusubiri huko kuna sababu yake: valvu zikipata joto kwanza kabla ya volti kubwa, zinadumu zaidi. Aliyeweka rilei ile alikuwa akihesabu maisha ya valvu kwa miaka.

Lakini uzuri halisi uko ubavuni. Bati la pembeni hufunguka kwa kugeuza vifungo viwili kwa sarafu au bisibisi, na ndani hukuti zile nyaya zilizosongamana unazozijua kwenye redio za enzi hiyo. Unakuta vipande virefu vya kauri nyeupe vilivyopangwa sambamba, vyenye mikato midogo, na kila rezista na kila kapasita imelala katika mkato wake, imenyooka, rangi zake zikisomeka kwa urahisi. Ukitaka kutoa kifaa kimoja, unayeyusha sehemu mbili na kukinyanyua bila kugusa jirani. Kauri hizo Tektronix walizichoma wenyewe, katika tanuri zao. Kwenye mikato walipaka fedha ili risasi ya kulehemia ishike.

Fedha hiyo ina tatizo lake. Risasi ya kawaida ya kulehemia huiyeyusha fedha na kuila, na fundi akirudia rudia kulehemu mahali pamoja, mkato unabaki kauri tupu isiyoshika kitu tena. Dawa yake ni risasi iliyochanganywa na fedha kidogo tangu mwanzo. Sasa fikiria: kampuni iko Oregon, mashine imeuzwa Nairobi au Karachi, na fundi wa huko atapata wapi risasi yenye fedha? Tektronix walilijibu swali hilo kabla halijaulizwa. Ndani ya mashine, ukutani, walifunga kibiringo kidogo cha risasi hiyo. Ilisafiri pamoja na mashine, ikamsubiri mtu ambaye hawakumjua na hawakuwa na njia ya kumjua. Mashine niliyofunguliwa bado ilikuwa nacho, na nusu yake ilikuwa imetumika. Nilisimama pale muda mrefu nikikitazama, kwa sababu sijaona barua ya heshima kwa fundi iliyoandikwa vizuri zaidi ya hiyo.

Heshima ile ina chimbuko, na chimbuko lake liko upande wa pili wa mto Willamette, mashariki mwa Portland. Siku iliyofuata nilivuka daraja la Hawthorne, la chuma, lililojengwa mwaka 1910 na ambalo bado hunyanyua tumbo lake kupisha meli. Howard Vollum alikuwa kijana wa Portland aliyesoma fizikia katika chuo cha Reed na kuhitimu mwaka 1936. Ajira zilikuwa adimu. Akaenda kutengeneza redio nyuma ya duka la Jack Murdock, kijana mwenzake aliyeuza redio na vyombo vya umeme katika barabara ya Foster na ambaye hakuwahi kwenda chuo kikuu. Kwa maneno mengine, kabla hajawa mwenye kiwanda, Vollum alikuwa fundi redio. Alijua maana ya kufungua kitu cha mtu mwingine usiku, mteja akiwa amekikasirikia, na kukuta mtengenezaji hakumwachia hata nafasi ya kupitisha kidole.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, jeshi lilimpeleka Uingereza kufanya kazi ya rada, ambako alishika vifaa vya kupima vitu vinavyotokea kwa sehemu ya milioni ya sekunde. Mwaka 1946 yeye, Murdock na wenzao wawili walianzisha Tektronix. Walijenga jengo lao la kwanza kwenye kona ya mtaa wa Saba na barabara ya Hawthorne, na vifaa vingi vya mwanzo vilikuwa mabaki ya vita yaliyouzwa kwa bei ya chini. Leo ukipita hapo utaona magari, mikahawa na watu wanaokimbilia kazi zao, na hakuna kinachokuzuia. Mimi nilizuilika. Mwaka 1947 ilitoka pale mashine iitwayo 511, iliyouzwa dola 795, na ya kwanza kuuzwa ilikwenda kwa shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Oregon, kule juu kilimani. Hiyo leo ni OHSU, yaani Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi cha Oregon, na ndani yake kuna taasisi ya utafiti wa ubongo na neva yenye jina la Vollum, iliyojengwa kwa mchango wake.

Ubora wa 511 haukuwa mwangaza wa kioo chake. Osiloskopu nyingi kabla yake zilionyesha mstari uliokuwa ukiteleza, na mtumiaji alilazimika kuubembeleza kwa vitufe hadi utulie. Vollum alitaka mstari uanze safari yake pale tu ishara inapofika kiwango fulani, kila mara mahali pale pale. Hiyo ndiyo triga. Picha ikatulia. Kisha akaweka vipimo: kila mraba wa kioo ukawa na volti zake kwa wima na muda wake kwa mlalo. Tangu hapo mtu angeweza kutazama na kuandika namba, si kutazama na kushangaa tu.

Wawili hao waliongoza kampuni kwa majina yao ya kwanza. Kila mtu aliwaita Howard na Jack, na faida iligawiwa kwa wafanyakazi. Murdock alifariki mwaka 1971 ndege yake ya majini ilipopinduka katika mto Columbia, na Vollum alifariki mwaka 1986. Kufikia mwaka 1981 kampuni ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 24,000. Watu waliotoka humo wakaanzisha makampuni mengine pembeni, hadi bonde zima likapewa jina la Msitu wa Silikoni. Ward Cunningham, ambaye mwaka 1995 alianzisha "wiki" ya kwanza, yaani tovuti ambayo wasomaji wenyewe huihariri, naye alikuwa mhandisi wa Tektronix. Baadaye mambo yalibadilika, idadi ikapungua, na mwaka 2007 kampuni ikanunuliwa na Danaher. Bado inatengeneza osiloskopu. Lakini ninayoipenda ni ile ya Howard na Jack, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Katika jumba la makumbusho niliomba pia kuona vitabu vya mafundi. Hapa naona hata wasomaji wasio mafundi wangeguswa. Kitabu cha mashine moja hueleza kwa sentensi kamili jinsi kila saketi inavyofanya kazi na kwa nini iliwekwa hivyo. Kinaonyesha volti unazopaswa kuzikuta kila mahali, na picha za mistari unayopaswa kuiona. Kinaorodhesha kila skrubu na namba yake. Kisha, katika michoro ya saketi ya miaka ya 1960, ghafla unakuta kikatuni kidogo kimejificha kati ya valvu mbili, kilichochorwa na mtu aliyejua kwamba saa nane ya usiku kuna fundi mahali fulani amekata tamaa na anahitaji kutabasamu. Mashine nyingi tunazonunua leo zimefungwa kwa gundi, na kitabu chake kinakuonya usifungue. Naona huo ni utovu wa adabu, na baada ya kuisoma michoro ile sitaweza tena kuuita maendeleo.

Kuna jambo ambalo wageni wengi hawaliamini hadi waambiwe na wenyewe: katika vituo vya huduma vya Tektronix, mashine chafu ilioshwa. Kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, ndani na nje, kisha ikakaushwa ndani ya joto la kiasi hadi isibaki hata tone. Vumbi la miaka huvuta unyevu, na unyevu hupitisha umeme mahali usipotakiwa. Nusu ya magonjwa ya ajabu huondoka na maji machafu. Kwa sisi tunaoishi pwani, ambako chumvi ya bahari huingia hata kwenye saa ya ukutani, hiyo ni elimu ya kufaa.

Magonjwa yaliyobaki yana majina, na wakusanyaji huyataja kama wafugaji wanavyotaja maradhi ya ng'ombe wao. Mashine za valvu huzeeka kwenye kapasita za karatasi, zinazoanza kuvuja. Ile 547 ya mwaka 1964 huugua transfoma ya volti kubwa, ambayo gundi iliyoifunika hubadilika kwa umri na kula umeme. Zile 465 za shule zetu zina kapasita ndogo za tantalamu ambazo siku moja hupiga shoti na kuangusha njia nzima ya umeme. Unatafuta iliyokufa, unabadilisha, mstari unarudi. Sijui furaha nyingine inayofanana na mstari kurudi kwenye kioo kilichokuwa cheusi.

Ukiwa na siku ya ziada mwezi Juni, chukua barabara namba 26 kuelekea baharini. Inapita pembeni mwa Beaverton, inapanda milima ya pwani ndani ya misitu ambayo mwanga wa mchana hupata taabu kuipenya, na baada ya karibu kilomita 120 inakushusha Seaside, mji mdogo wenye upepo mkali unaotazama Pasifiki. Huko hufanyika SEA-PAC, mkutano wa kila mwaka wa watu wa redio za mawasiliano, na ndani yake kuna gulio. Meza ndefu, wazee wenye kofia zilizoshonwa namba zao za redio, masanduku ya valvu, mita za sindano, na kila mara osiloskopu moja au mbili zikisubiri mtu wa kuzipenda. Nilipomwambia muuzaji mmoja kuwa natoka Tanzania, alijibu papo hapo, "Faivu Eichi!" Hiyo ndiyo 5H, alama ya vituo vya redio vya kwetu, naye alikuwa akiitafuta hewani kwa miaka. Akanihesabia nchi alizozipata: 5Z ya Kenya, 5X ya Uganda, 9Q ya Kongo. Nimekutana na watu waliosoma jiografia ya Afrika vyuoni wasioweza kuitaja hivyo. Kisha akanipunguzia bei bila kuombwa.

Kwa atakayetaka kuanza, ushauri wangu ni huu. Achana kwanza na zile kubwa za valvu, hata kama zinapendeza kiasi gani. Usafiri wake utakula pesa kuliko mashine, na ndani yake kuna volti elfu kadhaa zisizosamehe. Tafuta 465, au mtangulizi wake 453 ya mwaka 1965. Zote mbili hubebeka kwa mkono mmoja, na zote zina mahali pa kuchagua volti nyuma yake, kwa hiyo zitakubali umeme wa kwetu bila transfoma ya pembeni. Hakikisha umechagua volti sahihi kabla ya kuchomeka plagi. Kitabu cha huduma usikikose, na kikiwa cha karatasi ni bora zaidi, maana utakiandika pembeni kama waliokutangulia walivyofanya. Na kama mashine uliyopata bado ina kibiringo cha risasi ukutani, kitumie. Kiliwekwa pale kwa kazi hiyo.

Jumba la vintageTEK halifunguliwi kila siku, kwa kuwa wanaoliendesha wana wajukuu na bustani zao, hivyo waandikie kabla ya kupanda treni. Ukifika, utaulizwa una mashine gani nyumbani. Itaje kwa namba yake, na usipange kuonana na mtu mwingine jioni hiyo.